Kibaba cha Marehemu

Korona ya mwaka themanini na saba.
Jina lake lilizomewa mwaka ule wa barakoa
mpaka Sechelela akabandua herufi mbili za mwanzo kwenye buti,
ikabaki RONA, na gari likaendelea kubeba zabibu.

Amelirudisha gereji kwangu, Kizota, saa saba mchana,
kreti nne kiti cha nyuma chini ya kanga mbichi.
Hasemi nimemharibia. Anasema:
"Yaledi, likikimbia linanipa baridi.
Likisimama linanipumulia kama mgonjwa wa homa."

Kutoka Hombolo barabara nyeupe, vioo juu,
zabibu zimelala.
Akiingia mjini trafiki ananyoosha mkono: msafara unapita.
Dakika ishirini.
Hapo ndipo jasho huanza, lake na la zabibu.

Mimi ndiye niliyelibadilishia gesi, mwezi wa Machi.
Ile ya Kumi na Mbili haipatikani tena,
wanasema ilikuwa ikitoboa mbingu.
Nikamwaga mafuta yake, nikang'oa oringi zote nyeusi,
nikavisha za kijani, nikanyonya hewa na unyevu saa nzima,
ndipo nikamfungulia mgeni mlango:
Mia Thelathini na Nne.
Nilijisifu. Nilipiga hata picha.

Sasa boneti iko wazi, na Ndahani, mwanafunzi wangu,
anapaka povu la sabuni kwenye viungo,
anasubiri kipovu kimoja kimchongee mkosaji.
Hakuna. Povu linakauka lilipo,
jua la hapa halingoji uchunguzi.
Klachi ya kompresa inashika, tak. Inaachia. Tak.
Sindano ya geji nyekundu inapanda
kama bei ya viwanja Iyumbu.

Nikachukua chupa yangu ya maji ya kunywa
(maji ya huku hayamwagwi ovyo, najua)
nikaimimina taratibu juu ya kondensa.
Sindano ikashuka.
Ndahani akacheka. Mimi sikucheka.

Kwa sababu pale kushoto, chini ya boneti,
kuna kibandiko kilichobabuka,
maandishi ya Kijapani na tarakimu moja inayosomeka:
gramu mia nane.
Nami nilimpimia mgeni kwa kibaba cha marehemu.
Mia nane zile zile, kwa uaminifu wote,
nikidhani kujaza ndiko kutenda haki.

Sechelela alikuwa karani wa ardhi
tangu makao makuu yakiwa bado ahadi.
Anajua habari za kumimina mengi kwenye bomba la zamani.
Hakusema kitu. Alitengeneza kanga juu ya kreti.

Nikapuliza kondensa: vumbi jekundu, mbegu za nyasi,
bawa zima la panzi.
Feni ilikuwa ikizunguka kwa hisani tu,
waya wake umeliwa na kutu; nikauunga.
Kisha nikarudisha gesi mtungini, mtungi juu ya mizani
niliyoazima kwa muuza mchele,
mpaka likabakiwa na mia sita na hamsini.
Nikaiandika chini ya kibandiko, na jina langu kando,
ili fundi ajaye ajue wa kumlaumu.

"Baridi haitakuwa kama ya zamani," nikamwambia.
"Zamani nilikuwa napata mafua," akajibu.

Tukaliacha lingurume kwenye sailensa, juani, makusudi,
tumesimama kama watu wanaopisha msafara.
Dakika ishirini. Sindano ikatulia katikati.
Mkono wake ukabaki mbele ya tundu la hewa,
vidole wazi, hasemi.

Chini ya gari, tone. Tena tone.
Vumbi likameza la kwanza, likameza la tano,
halafu likashiba,
kikawa kidimbwi cha ujazo wa kijiko.
Kuku wa jirani akaja mbio, akainama, akanywa,
akainua kichwa
akatafuta wingu.